Baiskeli ya Kukunja (3): Kutoka Mgongoni mwa Askari hadi Tumboni mwa Ndege

Tangu Oktoba 1, 2025, abiria wa Emirates haruhusiwi kutumia pawabenki akiwa angani. Korea Kusini ilikuwa imekwisha kaza kanuni zake mapema mwaka huo, baada ya ndege ya Air Busan kushika moto, ulioshukiwa kuanzia kwenye pawabenki, ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Januari 28. Wasafiri wengi sasa wanapekua mikoba yao kwa wasiwasi. Anayesafiri kikazi na baiskeli ya kukunja, ile ya kukanyaga kwa miguu, hana cha kuhofia: chombo chake hakina betri.

Sehemu mbili zilizotangulia zilikwisha eleza bawaba, fremu na namna baiskeli inavyojikunja. Lililobaki ni kujua nani hasa aliyetaka ikunjwe. Hakuwa mtalii wala mfanyabiashara. Alikuwa askari.

Katika miaka ya 1890, ofisa wa jeshi la Ufaransa, Henri Gérard, akishirikiana na mwenye kiwanda Charles Morel, alitoa baiskeli ambayo askari aliikunja na kuibeba mgongoni kila barabara ilipokwisha. Bersaglieri wa Italia, wale wenye kofia za manyoya, walipewa ya kwao kutoka kiwanda cha Bianchi, wakaingia nayo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya Pili vilipofika, kampuni ya BSA ya Birmingham ikawatengenezea askari wa miamvuli wa Uingereza baiskeli ya kurushwa kutoka ndegeni. Iliteremka kichwa chini, usukani na tandiko vikitangulia, ili pigo la ardhi lisipinde magurudumu. Juni 6, 1944, wapo waliotoka mashuani huko Normandy wakiwa na baiskeli za namna hiyo mabegani. Chombo kilichotupwa kutoka ndegeni kwa ajili ya kuua, leo kizazi chake kinapakiwa ndegeni kwenda kwenye semina!

Kisha ukaja mgogoro wa Suez wa 1956. Petroli ikawa adimu Uingereza, naye mhandisi Alex Moulton akaanza kuitazama baiskeli upya. Mwaka 1962 alileta yake yenye magurudumu madogo na springi za mpira. Haikukunjika, lakini ilionyesha kwamba gurudumu dogo si lazima liwe zito barabarani, mradi tairi lijazwe upepo wa kutosha na mitikisiko ipate wa kuipokea. Mafuta yalipopungua kwa muda tu, Mwingereza huyo alikumbuka miguu. Kwetu yakipanda bei, tunanung'unika tukiwa ndani ya magari, kwenye foleni ya kituo cha mafuta.

Katikati ya miaka ya 1970, Andrew Ritchie aliiona baiskeli ya kukunja ya Harry Bickerton na kuamini kwamba angeweza kufanya vizuri zaidi. Alifanyia kazi yake chumbani kwake London, mkabala na kanisa la Brompton Oratory, na jina la kanisa likawa jina la baiskeli. Ujanja wake ulikuwa kuuficha mnyororo katikati ya magurudumu mawili, grisi isiguse suruali ya mtu. Ikikunjwa, Brompton huwa na vipimo vya sentimita 58.5 kwa 56.5 kwa 27. Ukijumlisha unapata 142. Mashirika mengi ya ndege hupokea mzigo wa jumla ya sentimita 158 na kilo 23. Zinabaki sentimita 16 za mfuko na sponji. Huko Eugene, Oregon, ndugu wawili, Alan na Hanz Scholz, walikwenda mbali zaidi mwaka 1992: sanduku linalobeba baiskeli yao ndegeni likifika huwekewa magurudumu, likawa tela.

Wanaocheka kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wakumbuke Busia. Boda boda ilianza pale kwa baiskeli, ikimvusha msafiri ule mwanya kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda. Mwanya kati ya uwanja wa ndege na ukumbi wa mkutano hauna tofauti kubwa. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi katikati ya Dar es Salaam ni kama kilomita 12, umbali ambao mwanafunzi wa kijijini huukanyaga bila kulipwa posho. Mheshimiwa wetu husubiriwa na gari lililowashwa nusu saa nzima ili akute kiyoyozi kimepoa. Ni kweli njia salama ni chache, na barabara ya juu ya Nairobi, Expressway, imezipiga marufuku baiskeli kabisa. Wenye kupanga barabara nao husafiri kwa gari lililopoa.

Kuhusu upepo wa matairi, sehemu ya mizigo huwa na mgandamizo wa hewa sawa na ule wa abiria, kwa hiyo tairi zima halitapasuka. Hata hivyo, kubishana kaunta kunachelewesha safari. Upepo upunguzwe kidogo, na pampu iwemo mfukoni.

Mwenye baiskeli ya kukunja ya umeme asome nambari iliyoandikwa kwenye betri kabla ya kukata tiketi. Hadi wati-saa 100 hupita. Kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria. Betri ya Brompton ya umeme ni 300 au zaidi.