Sura ya 6: Kupanda Meru kwa Gari

Mtoto aliyekuzwa na picha za Serengeti akiingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, gari halijapita hata geti la Ngurdoto atakuwa ameshauliza: simba wako wapi? Hawapo. Chui wapo, fisi wapo, tembo wapo ndani ya msitu ingawa huonekana kwa nadra, lakini anayemtaka simba ni bora aendelee na safari hadi Manyara au Tarangire. Mzazi asihesabu hilo kuwa hasara. Hapa twiga ni wengi, na mara nyingi humkuta mgeni wakiwa katikati ya barabara, wakimtazama dereva kana kwamba yeye ndiye aliyekosea njia.

Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaitwa Arusha. Kutoka mjini hadi getini ni mwendo mfupi: unaiacha barabara kuu ya Moshi pale Usa River, unapita mashamba ya kahawa, umefika. Kinachoitofautisha na hifadhi za tambarare ni mwinuko. Ardhi yake inaanzia takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kuishia kileleni mwa Mlima Meru, mita 4,566. Gari haliwezi kufika huko juu, ila kwa barabara iendayo Kitoto, ubavuni mwa mlima, linaweza kupanda hadi kama mita 2,500. Kwa kanuni ya jumla, kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Kwa hiyo familia iliyotoka chini kwenye maziwa ya Momella ikiwa na fulana tu itayasaka makoti kabla ya chakula cha mchana.

Joto likibadilika, mimea hubadilika. Mimea ikibadilika, wanyama nao hubadilika. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa katika kutazama wanyama mlimani, na anayelielewa hana haja ya bahati nyingi. Tuchukue familia ya mfano: baba kwenye usukani, bibi kiti cha mbele, mama na watoto wawili nyuma.

Uwanda wa kwanza baada ya geti unaitwa Serengeti Ndogo. Ni nyasi fupi zilizozungukwa na miti, na asubuhi hukutana hapo pundamilia, ngiri, nyati na twiga. Kutazama ni rahisi, kwani mnyama anaonekana mzima, kichwa mpaka mkia. Watoto watapiga picha nyingi kupita kiasi. Waacheni.

Ugumu unaanza gari linapoingia msituni kuelekea ukingo wa Ngurdoto. Msituni mnyama huonekana vipande vipande: sikio, kwato, mkia mweupe unaoning'inia kwenye tawi. Macho yaliyozoea uwanda hutafuta umbo zima na hukosa kila kitu. Njia nzuri ni kuzima injini, kushusha vioo na kutafuta kinachocheza pasipo upepo. Katika familia yetu ya mfano, anayeona kwanza ni bibi, kwa kuwa ndiye pekee asiyeshika simu.

"Tazama juu, mjukuu wangu, pale kwenye jua."

Ni mbega, manyoya meusi na meupe, wameketi kileleni mwa mti kama wazee kwenye baraza. Mtoto anasubiri waruke, hawaruki. Sababu iko tumboni. Mbega hula majani zaidi ya kitu kingine chochote, na majani ni chakula kigumu kumeng'enywa. Tumbo lake limegawanyika katika vyumba, na bakteria walio humo huchachusha majani hayo kwa saa nyingi, kwa namna inayokaribiana na ya ng'ombe. Nguvu anayoipata ni kidogo, kwa hiyo anaitunza: anakaa, anaota jua, anasubiri. Anayetaka vurugu awatazame kima au nyani, wanaokula matunda, wadudu na, wakipewa nafasi, chapati za wageni. Vioo vifungwe mapema. Mtoto wa mbega akizaliwa huwa mweupe mwili mzima, na kundi lenye kichanga hutambulika kwa doa hilo jeupe kifuani mwa mama.

Ukingoni mwa Ngurdoto familia inashuka garini mahali palipotengwa. Chini kuna kreta ya upana wa kama kilomita 3, yenye kinamasi na majani mabichi. Nyati wanaonekana kama nukta. Wageni hawaruhusiwi kuteremka huko, na binafsi naona ni uamuzi wa busara. Kila mahali pangefunguliwa kwa magari, wanyama wangepumzikia wapi? Darubini moja inatosha familia nzima, ila ugomvi wa zamu hauepukiki.

Maziwa ya Momella yana hadithi yake, na inaanzia mlimani. Yapata miaka 8,000 hadi 9,000 iliyopita, ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Mawe, majivu na matope yaliteremka kuelekea upande wa Kilimanjaro na kuacha vilima vidogo na mabonde yasiyo na mpangilio. Maji yakajaa mabondeni. Kwa vile kila ziwa linapata maji yake kupitia chini ya ardhi, madini yake yanatofautiana na ya jirani yake, na mtoto mwenye macho makali ataona kwamba rangi zake hazifanani. Maji haya ya magadi hukuza viumbe vidogo ambavyo heroe wadogo huvichuja kwa mdomo uliopinduliwa chini, na ni chakula hicho kinachowapa rangi ya waridi. Heroe hawana anwani: wiki hii wamejaa, wiki ijayo wamehamia ziwa jingine mbali kabisa. Anayewaahidi watoto kwamba watawakuta anajitafutia matatizo.

Miamba hiyohiyo ya volkano imetia floraidi nyingi katika maji ya eneo zima. Meno ya kahawia yanayoonekana kwa watu wengi waliokulia pembezoni mwa Meru yametokana na maji hayo, wala si uchafu. Katika kituo cha utafiti kilichopo Ngurdoto, mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa wa kuchujia floraidi. Familia ibebe maji yake, katika vyombo vinavyorudi nyumbani, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Baada ya Momella barabara inaanza kupanda kwelikweli, na hapo linatakiwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Njiani kuna mti wa jamii ya mikuyu ambao gari hupita katikati yake. Ndege au kima alidondosha mbegu juu ya mti mwingine. Mbegu ikaota hukohuko juu, ikateremsha mizizi hadi ardhini, mizizi ikanenepa na kuubana mti uliolea mche wake mpaka ukafa na kuoza. Uwazi uliobaki ni mlango. Watoto hupenda kupita hapo mara mbili, na hakuna sababu ya kuwanyima.

Huko juu, Kitoto, pametulia. Mbele kuna ukuta wa mwamba wa kreta ya Meru, wenye kimo cha takriban mita 1,500, na ndani yake koni ya majivu iliyoota baada ya maporomoko yale. Mara ya mwisho mlima huu ulitoa majivu mwaka 1910. Huku wanyama ni wachache, na ukungu ukishuka familia inaweza isione hata ukuta wenyewe, kwa hiyo wanaotaka kuona vizuri hufika asubuhi.

Kurudi chini kunahitaji gia ndogo, ili injini izuie gari na breki zisipate moto. Dereva asikimbizane na saa ya kufungwa kwa geti: jioni nyati hutoka msituni kwenda kwenye nyasi, na kona za barabara hii hazionyeshi kilicho upande wa pili.