Fonia na kipimo cha kweli

Huku Ituri, katika vijiji ambako simu haifiki, fonia ndiyo inayoita msaada kwa mgonjwa. Sauti ikififia, sisi hukimbilia kukata waya wa antena. Tusifanye haraka. Kwanza tuondoe antena, tufunge mzigo wa bandia: rezista ya omu 50 inayogeuza nguvu ya fonia kuwa joto, bila kusumbua wengine hewani. Kwa wati 100, volti ziwe karibu 71, na kipimo cha mawimbi yanayorudi kionyeshe 1 kwa 1. Lakini rezista nayo tuipime kabla: ikiwa omu 40, kipimo kizuri kitaonyesha 1,25, nasi tutalaumu fonia iliyo nzima. Mzigo ukiwa wa kweli, ndipo tuiguse antena.