Lori Kuwa Nyumba: Kagua Uvunguni Kwanza

Wengi wanaotaka kugeuza Canter au Isuzu kuwa nyumba ya safari huanza na picha za ndani: kitanda, jiko la gesi, kabati zinazong'aa. Mimi huwaambia waingie uvunguni mwa gari. Mjenzi hujulikana pale bodi inapokutana na chesisi.

Chesisi ya lori imeundwa ijipinde. Tairi moja likipanda jiwe na la upande wa pili likizama shimoni, zile reli mbili ndefu hujisokota, kisha hurudi. Boksi la kuishi halijipindi. Ukilikaza kwa bolti kila kona, kuna kitakachoshindwa: pembe za boksi zitachanika, mlango utagoma kufunga, au chesisi yenyewe itapasuka. Ndiyo maana magari haya huwekewa fremu ya pili, inayokaa juu ya chesisi kwa nukta tatu au nne zenye bawaba, au kwa springi zinazoiacha inyanyuke kidogo upande mmoja. Muulize fundi: "Chesisi ikijisokota, boksi langu litafanya nini?" Akikujibu kwamba halitatikisika kwa vile amelikaza kotekote, mshukuru uende zako.

Arusha kuna mafundi hodari wa kurefusha Land Cruiser za watalii, na Nairobi wapo waunda mabodi ya mabasi. Ustadi wanao, ila hii ni kazi nyingine. Omba kuonyeshwa boksi la kuishi walilojenga, lililokwisha kula vumbi miaka kadhaa, na uzungumze na mwenye gari fundi akiwa hayupo. Tazama pia anatoboa wapi: watengenezaji wa malori hukataza kutoboa uso wa juu au wa chini wa reli. Na kama hachomoi betri kabla ya kuchomelea, kompyuta ya injini iko hatarini.

Tuje kwenye kuta. Kiunzi cha skweya paipu, bati nje na plaiwudi ndani ni rahisi kwa bei, na fundi yeyote wa Tunduma atakirekebisha. Hilo si jambo dogo ukiharibikiwa njiani. Lakini chuma hupitisha joto na baridi moja kwa moja. Usiku wa Njombe, pumzi za watu wawili hugeuka matone juu ya kila paipu, yakateremka ndani ya ukuta usikoona, na kutu ikaanzia huko. Paneli za faibaglasi zenye povu gumu katikati, unene wa milimita 40 hadi 60, zikiunganishwa kwa gundi bila chuma kupenya toka nje hadi ndani, huondoa tatizo hilo. Ni ghali. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu ningeziweka hapo, kisha nikalie viti vya plastiki mwaka mzima. Ukilazimika kutumia skweya paipu, basi povu lifunike na paipu zenyewe, lisiishie kujaza mapengo. Kwa wa Tanga na Mombasa: alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Vitenganishe kwa mpira.

Kabati za MDF zikatae. Ubao mmoja wa milimita 18 una kilo 40 hivi, na ukilowa huvimba. Plaiwudi ya majini ya milimita 12 inatosha.

Uzito ndio husahaulika. Lita 200 za maji ni kilo 200, kabla hujahesabu dizeli, betri na watu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inagusa magari ya tani 3.5 na kuendelea, kwa hiyo mizani itakuhusu. Kadi ya gari nayo irekebishwe aina ya bodi ikibadilika: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA.

Lipa kwa awamu. Awamu ya mwisho itoe baada ya gari kupimwa likiwa na matangi yaliyojaa, kila ekseli peke yake.