Ni Mdudu Gani Aliyekuuma? Isome Ngozi Yako

Ndugu mkulima, wewe unayelima mpunga katika skimu ya Bunyala, na wewe wa upande wa Busia na Malaba unayechunga ng'ombe kando ya mto, makala haya ni yako. Hakuna siku ipitayo bila mwili wako kuumwa au kudungwa na kitu. Wengi wetu hujikuna, tukapaka mate, tukasahau. Mara nyingi hakuna hasara. Lakini katika alama hizo zote iko moja ambayo ukiisahau yaweza kukuua, nayo mwanzoni hufanana na jipu la kawaida tu. Kwa hiyo yakupasa ujue kuzitofautisha.

Kwanza nikuonye juu ya vitabu. Vitabu vingi vya uganga vyasema kwamba mahali palipoumwa na mdudu huwa pekundu. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu wekundu huo huonekana kwa shida: mahali hapo huzidi kuwa peusi, au huwa na rangi ya zambarau, au hung'aa tu kwa sababu pamevimba. Basi usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa mkono wako hapo uone kama pana joto. Bonyeza kwa kidole: je, ni pagumu au ni laini? Pauma au pawasha? Kisha ujiulize ulikuwa wapi na saa ngapi, na alama zenyewe zimejipangaje. Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko rangi.

Tuanze na wadudu wa nyumbani. Kunguni huuma usiku mahali pasipofunikwa, kama shingoni, mabegani na mikononi, na mara nyingi huacha alama tatu au nne zinazofuatana kama mstari. Viroboto hupenda miguu, chini ya goti, nao huacha vipele vidogo vya kundi, kila kimoja na kitone katikati. Ukiwashwa sana usiku katikati ya vidole na kwenye viganja, na wenzako nyumbani wanawashwa vilevile, usimlaumu kunguni. Huo ni upele, nao hautaisha mpaka nyumba nzima itibiwe siku moja.

Mbu huacha uvimbe laini unaowasha na kupotea upesi. Uvimbe huo hauwezi kukuambia kama mbu yule alikuwa na malaria au hakuwa nayo. Homa huja baadaye, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 15, wakati alama imekwisha kufutika. Katika jambo la mbu, basi, ngozi haina habari ya kukupa. Neti ndiyo kinga. Na wale nzi wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hata wakaingia katika chai, hawaumi kabisa. Wanachokozesha tu.

Funza wamjua: kidoa cheupe kwenye kidole cha mguu au kando ya ukucha, na nukta nyeusi katikati. Labda hujui kwamba si mwenyeji wa bara hili. Aliletwa na meli iliyotoka Brazil ikafika Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka Afrika yote, akisafiri katika miguu ya wapagazi na askari, hata akafika pwani ya mashariki. Usimtoe kwa mwiba, wala msiazimane sindano moja nyumba nzima. Tundu analoacha ni mlango wa pepopunda.

Sasa nije kwa mdudu ambaye mkulima wa mpunga yafaa amjue sana, yule anayeitwa na wengi Nairobi flai. Si nzi. Ni mdudu mwembamba kama punje ya mchele, kichwa cheusi, mwili wa rangi ya machungwa, na mgongoni ana ukanda wa buluu. Hupenda mahali penye unyevu, na usiku huifuata taa. Huyu haumi wala hadungi. Ubaya wake umo katika maji ya mwili wake: ukimponda juu ya ngozi, maji hayo huunguza. Huoni neno siku hiyo. Siku ya pili au ya tatu unaamka na mstari mrefu kama umechapwa kiboko, wenye malengelenge na maumivu ya moto. Ukiwa kwenye kiwiko au mahali ngozi inapokunjika, utaona jeraha la pili mkabala na la kwanza, kana kwamba limepigwa mhuri. Watu husema ni mkojo wa buibui, wengine husema wamerogwa. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wadudu hawa walikuwa wengi ajabu nchini Kenya, na watu wengi waliunguzwa hata machoni. Akitua juu yako, mpulizie aondoke, au umpe karatasi apande. Ikiwa umekwisha kumponda, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, wala usiguse jicho. Lakini shambani mwache. Yeye hula wadudu waharibifu wa mimea, na hakutozi senti.

Buibui naye husingiziwa sana. Mtu akiamka na uvimbe wenye usaha husema ameumwa na buibui, ingawa hakumwona. Ukweli ni kwamba buibui huuma watu kwa nadra, na uvimbe mwingi wa namna hiyo ni majipu yaletwayo na vijidudu vya uchafu kuingia katika mkwaruzo. Ukienea na kuwa na joto, nenda dispensari. Mashimo mawili ya meno mguuni, baada ya kupita kwenye nyasi au tuta la mfereji, usidhani ni ya buibui. Yafikirie kuwa ni ya nyoka, utulie, na upelekwe hospitali bila kukawia.

Jipu lenye kitundu juu, nawe wahisi kitu chatembea ndani, ni buu la nzi atagaye mayai juu ya nguo zilizoanikwa kivulini au chini. Piga pasi nguo zote pande zote mbili, hasa nepi za mtoto. Nyuki huacha mwiba wake, nyigu haachi. Uondoe mwiba upesi, na midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali. Kupe mvute taratibu kwa kibano, karibu na ngozi, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta ya taa. Ikiwa siku chache baadaye unapata kigaga cheusi mahali pale, pamoja na homa na kuumwa kichwa, hiyo ni homa ya kupe. Ina dawa, mwonyeshe mganga kigaga hicho.

Nimemweka mbung'o mwisho kwa kuwa ndiye sababu ya makala haya. Utamjua akitua: hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine kama makasi yaliyofungwa, na mdomo wake umenyooka mbele. Huuma mchana, hata kupitia shati, na huuma kwa uchungu. Uchungu huo hupita. Ikiwa alikuwa na vimelea vya malale, baada ya siku 5 hadi 15 hivi mahali pale huota uvimbe mgumu, wenye joto, mpana kama sarafu kubwa au zaidi, unaouma ukiubonyeza. Hauna usaha kama jipu. Tezi za karibu huvimba. Kisha, na hapa ndipo watu hudanganyika, uvimbe hupona wenyewe baada ya wiki mbili tatu. Mtu hufurahi. Kumbe vimelea vimeshaingia katika damu. Homa huja na kuondoka, naye humeza dawa za malaria bila nafuu. Aina ya malale ya upande wetu ni ya haraka: isipotibiwa huingia katika ubongo na kuua kwa muda wa miezi tu, pengine wiki.

Utasema malale yamekwisha. Ni kweli kwamba mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa na kugunduliwa nchini Kenya alikuwa wa mwaka 2009, kwamba wageni wawili waliugua mwaka 2012 baada ya kutembelea Maasai Mara, na kwamba mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeyashinda malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini mbung'o hajaondoka katika vichaka vya ziwa na mito, na ng'ombe aweza kuchukua vimelea hivyo damuni bila wewe kumshuku. Kumbuka yaliyotokea Soroti, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1998. Malale hayakuwako huko. Yaliingia pamoja na ng'ombe walionunuliwa mnadani kutoka sehemu zenye ugonjwa. Nasi huku Busia na Malaba twajua ng'ombe wangapi huvuka mpaka. Ukinunua ng'ombe, mwone kwanza Bwana Mifugo ili atibiwe kabla ya kuchanganywa na wengine. Fyeka vichaka vya mlantana vilivyo karibu na boma na mahali pa kuteka maji. Ukiona mtego wa kitambaa cha buluu na nyeusi kando ya mto, usiukate kitambaa ukafanye tambara. Umewekwa kwa ajili ya mbung'o.

Ukiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, nenda Hospitali ya Port Victoria, au Alupe karibu na mji wa Busia, ambako wagonjwa wa malale walitibiwa kwa miaka mingi. Usiseme tu "nina homa." Sema nilikuwa na uvimbe hapa, uliota wiki fulani, ukapona, nilikuwa nikivua, au nikichunga, au nilikwenda Uganda. Muuguzi kijana huenda hajapata kuona malale maishani mwake, na maneno yako ndiyo yatakayomfanya aitazame damu yako kwa darubini akitafuta vimelea.

Wala usiogope matibabu kwa sababu ya habari za zamani. Zamani ugonjwa ulipofika ubongoni ilibidi mtu adungwe sindano ya melasoproli, dawa yenye sumu ya aseniki, nayo iliua wagonjwa wengine. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba wagonjwa wengi wa aina hii ya malale, watoto wa miaka 6 na zaidi wakiwamo, wapewe vidonge vya feksinidazoli kwa siku 10. Vidonge hivyo havifanyi kazi vizuri tumboni mtupu, basi anayemwuguza mgonjwa ahakikishe amekula ugali wake kwanza, ndipo ampe dawa.