Kidonda Kisichosikia Dawa

Mgonjwa akichomwa sindano wodini na kidonda bado kinatoa usaha, huenda vijidudu vimekuwa sugu. Maabara huotesha usaha huo na kuvijaribu vijidudu kwa dawa mbalimbali. Majibu huchukua siku 2 au 3. Kipimo cha PCR hutafuta jeni ya usugu yenyewe, kwa saa chache. Vijidudu vya stafilokokasi vyenye jeni iitwayo mecA haviuawi na kloksasilini, hata dozi ikiongezwa. Jeni nyingine huhama toka kijidudu hiki hadi kile, basi mnaouguza ndugu naweni mikono kila mnapomgusa mgonjwa. Tena, mwelezeni daktari vidonge vyote alivyomeza nyumbani, hata vya kuazima kwa jirani (msione haya), kwani vyaweza kuzuia vijidudu visiote maabara.