Vizimba vya kuku: Ulaya yavitoa, sisi twavinunua

Mfugaji wa Kiambu au Kibaha anayetaka kupanua mradi wake wa kuku wa mayai hachelewi kukutana na muuzaji wa vizimba vya ghorofa kutoka China. Hoja za muuzaji si za uongo. Eneo dogo hubeba kuku wengi, yai huteremka lenyewe likiwa safi, na kijana mmoja huhudumia kundi ambalo sakafuni lingehitaji watu kadhaa. Asichokisema ni yaliyowapata walionunua kabla yetu.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1999 sheria ya kuondoa vizimba vya kawaida, ukawapa wafugaji hadi Januari 1, 2012. Humo kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4. Hanyooshi mbawa, haogi vumbi, hana pa kutagia kwa faragha, na mifupa hudhoofika hadi kuvunjika. Wafugaji wengi wakahamia vizimba vilivyoboreshwa, vyenye fito, kiota na sentimita za mraba 750. Navyo sasa vinakataliwa: Austria ilivipiga marufuku mwaka 2020, na zaidi ya Wazungu milioni moja wametia saini wakitaka vizimba vyote vifutwe. Aliyewekeza humo anaingia gharama mara ya pili.

Marekani nako, California hairuhusu mayai ya vizimba kuuzwa madukani tangu 2022. Mafua ya ndege yalipopandisha bei, dazeni ikafika dola 6.23 Machi 2025, na Nevada ikasimamisha kwa muda sheria yake kama hiyo. Tumbo lina siasa zake.

Tusidanganyane, kuku wa sakafuni wana kazi. Maranda yakilowa, kuhara damu huingia, wakibanana, hudonoana, na mayai yanayotagwa chini huchafuka. Banda zuri lina hewa, fito, viota vya kutosha na mtu anayelikagua kila siku. Gharama hizo zitaonekana kwenye bei ya trei, na mama lishe hatazilipa.

Hoteli huenda zikalipa. Marriott na Accor, zenye hoteli Nairobi, zilitangaza miaka iliyopita kwamba zitaacha mayai ya vizimba kufikia 2025. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, kabla ya kusaini mkopo wa vizimba, muulize mnunuzi wako mkubwa atataka mayai ya aina gani kabla deni halijaisha.