Marekani: Namna watazamaji wa Jackson walivyosababisha televisheni yao kupoteza leseni

Mwaka wa 1955, wakaaji wa Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, walikuwa wanatazama kipindi cha NBC. Mgeni wa kipindi alikuwa Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi ambaye mwaka mmoja mbele alikuwa ameshinda kesi kubwa dhidi ya ubaguzi wa rangi mashuleni. Mara picha ikakatika. Kwenye kioo kukatokea maandishi ya kuomba radhi: waya ina hitilafu.

Waya haikuwa na hitilafu yoyote. Ni kituo cha WLBT chenyewe kilichokata picha. Mkurugenzi wake, Fred Beard, alijisifu baadaye kwa kitendo hicho mbele ya mkutano wa chama cha wazungu waliopinga usawa wa rangi.

Miaka 14 baada ya tukio hilo, mahakama iliamuru leseni ya WLBT ifutwe. Waliosababisha hayo hawakuwa wafanyabiashara wenzake, bali watazamaji.

Picha inatoka New York, kifungo kiko Jackson

WLBT ilianza kurusha matangazo kwenye chaneli ya 3 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1953. Ilikuwa mali ya kampuni ya bima ya mji huo, Lamar Life.

Tofauti na vituo vya RTNC vya mikoani, ambavyo ni vya serikali moja kwa moja, vituo vingi vya miji ya Marekani si mali ya mitandao mikubwa kama NBC. Vina wenyewe, na hao wenyewe hufanya mapatano na mtandao. NBC hutoa vipindi vya taifa zima, kama habari za dunia, michezo na maigizo ya jioni. Kituo cha mji hutengeneza habari za hapo, huuza matangazo ya biashara na kulinda mnara wake. Leseni inabaki mkononi mwa kituo, na inatolewa na tume ya mawasiliano ya serikali, FCC.

Kwa hiyo kituo cha mji kina uwezo wa kukataa kipindi kilichotumwa na mtandao. Uwezo huo ulikusudiwa kulinda faida ya raia wa mahali. Huko Jackson ulitumiwa kuwaficha raia weusi, ambao walikuwa karibu 45 kwa mia ya watu waliofikiwa na matangazo ya WLBT.

Mchungaji Robert L.T. Smith aliliona hilo aliposimama kama mgombea wa bunge la taifa mwaka wa 1962. Alitaka kununua muda wa kampeni, lakini kituo kilimkatalia kwanza. Medgar Evers, kiongozi wa chama cha NAACP katika jimbo hilo, aliomba kwa miaka mingi apewe nafasi ya kujibu. Aliipata tarehe 20 mwezi wa tano mwaka wa 1963, akasema kwa dakika 17. Wiki tatu tu baadaye, tarehe 12 mwezi wa sita, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake akafariki.

Juma moja la kutazama kwa siri

Mwaka wa 1964, mchungaji mzungu Everett Parker, wa kanisa la United Church of Christ, alitafuta ushahidi ambao hauwezi kukanushwa. Alikusanya wakaaji wazungu wa Jackson waliokubali kujitolea, akawafundisha namna ya kuandika kila kitu kinachopita kwenye kioo kwa juma nzima. Majina yao yalifichwa, kwa sababu kujulikana kungeweza kuwahatarisha.

Walichoandika kilionyesha kwamba watu weusi walikuwa karibu hawaonekani kabisa. Hata walipotajwa, hawakuitwa « Bwana » wala « Bibi » kama wazungu.

Kanisa hilo, pamoja na mchungaji Smith na Aaron Henry, mfamasia na kiongozi wa NAACP, wakaiomba FCC isirudishe leseni. Tume ilijibu kwamba watazamaji hawana haki ya kuingia katika kesi kama hiyo. Haki hiyo ilikuwa ya wenye faida ya kifedha peke yao, ao wale ambao mawimbi yao yanasumbuliwa na kituo kingine.

Mwaka wa 1966, jaji Warren Burger wa mahakama ya rufaa ya Washington alikataa hoja hiyo. Aliamua kwamba watazamaji nao wana haki ya kusikilizwa, kwani leseni ni amana ya raia. FCC ilisikiliza kesi, kisha ikarudisha leseni tena mwaka wa 1968. Mwezi wa sita mwaka wa 1969, mahakama ikakosa uvumilivu: ikaamuru leseni ifutwe.

Viongozi wapya

Mwaka wa 1971, kituo kilikabidhiwa kwa muda shirika lisilo la faida lililounganisha weusi na wazungu. Mwaka uliofuata, William Dilday alichaguliwa kukiongoza. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mkurugenzi mkuu wa televisheni ya biashara nchini Marekani. Aliajiri weusi kwenye chumba cha habari na mbele ya kamera. Aaron Henry, yule aliyelalamika mwaka wa 1964, alikuja kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kampuni iliyopewa kituo hicho.

Leo WLBT bado iko kwenye chaneli ya 3 na bado inarusha vipindi vya NBC. Tangu mwaka wa 2019 ni mali ya kampuni ya Gray, yenye vituo vingi nchini humo. Leseni, ambayo wakati ule ilidumu miaka mitatu, sasa inadumu miaka minane.

Lakini kila muda huo unapomalizika, mtazamaji wa kawaida wa mji wowote wa Marekani anaweza kuandika barua ya kupinga leseni isirudishwe, na tume inalazimika kuipokea. Mlango huo ulifunguliwa na watu wa Jackson.